Miezi Sita ya Syokau

Wote, Makueni
13 Machi 1978

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, wewe na mtoto. Mimi mwili ni mzima. Nilifika Wote jana jioni nikiwa nimejaa vumbi, na leo asubuhi nimeripoti kazini.

Mama, naona haya kwa namna nilivyoondoka. Ulinishauri nimwamshe Syokau nimuage, nikakuambia basi litaniacha. Basi lilikaa pale Ikutha zaidi ya saa nzima likipakia mbuzi na magunia. Nilikaa dirishani nikijua kwamba ameamka na ananitafuta kwa mikono kitandani. Ningeweza kurudi mbio. Sikurudi kwa sababu nilijua nikirudi sitaondoka tena.

Kazi yenyewe ndiyo ile niliyokueleza, kutoa maji mlimani kwa mabomba mpaka kwenye masoko ya huku chini. Mainjinia tuko watano na mwanamke ni mimi peke yangu. Fundi mmoja aliponiona na chombo cha kupimia mwinuko aliniuliza nani amenituma nikilete. Nilimwambia nimejituma. Kifua kinaniuma, maziwa bado yanakuja. Nimejifunga kitambaa ndani ya shati wasione.

Ni miezi sita tu, Mama. Wakishanithibitisha kazini na kunipa nyumba, nitakuja kumchukua. Mwanao Muthama ameniandikia kutoka Mombasa kwamba reli haijampa likizo, lakini anasema mtoto yuko na mwenye jina lake, kwa hiyo yeye hana wasiwasi. Mimi ninao.

Mkamwana wako,
Gathoni


Ikutha
2 Aprili 1978

Mwanangu Gathoni,

Huku tuko salama, Mungu ametushika, nami naomba huko kuwe hivyo hivyo. Hicho kitambaa usikikaze sana. Kamua kidogo upate nafuu, hata kama ni chooni.

Mama mkwe wako mdogo hajambo. Hivyo ndivyo ninavyomwita, nawe uzoee. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, si kama kuazimwa nguo. Yeye ni mimi. Muthama atamwita mama, na siku akimchapa atakuwa amenichapa mimi. Nilikueleza siku ya harusi lakini ulikuwa na mambo mengi, na mimi Kiswahili kilikuwa kimenikimbia mbele ya wale wageni wote kutoka kwenu Murang'a. Bora tuko na hiki Kiswahili, maana Kikamba chako ni cha kununulia nyanya tu.

Siku mbili za kwanza alilia, sikudanganyi. Siku ya tatu nilimpa maziwa ya mbuzi. Alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza bei, halafu akanywa yote.

Ukipata nafasi tuma picha yako. Nataka nimwonyeshe kila asubuhi ili asikusahau uso. Na usijilaumu sana kwenye barua. Miezi sita si mingi.

Mama yako,
Syokau


Wote
20 Novemba 1978

Kwa Mama mpendwa,

Hujambo, na mtoto hajambo? Nilisikia alikuwa na kikohozi ukampeleka hospitali ya misheni Mutomo. Nimepata habari hiyo akiwa ameshapona, na sijui kama nishukuru au nilie.

Miezi sita imepita na miwili juu yake. Wamenithibitisha. Nyumba pia wamenipa, lakini zimejengwa sita kwa mstari mmoja, zote za watu wa mradi, ukikohoa jirani anakuambia pole. Si mahali pa mtoto kwa sasa. Halafu wiki nyingine tunalala kwenye hema huko mabomba yanakopita.

Ungeniona sasa hivi ungecheka. Mafundi wameacha kuniuliza nimetumwa na nani. Mwezi uliopita walichimba mtaro nusu maili, nikawaambia maji hayatapanda pale hata wayaombee, wachimbe upya upande wa chini. Walinung'unika siku nne. Maji yalipotoka, msimamizi wao Jonah alinivulia kofia. Nilifurahi sana, Mama. Halafu nikakumbuka kwamba siku hiyo hiyo Syokau alikuwa anatimiza mwaka mmoja na miezi mitano, na sikuwa nimemkumbuka tangu asubuhi.

Nivumilie mpaka mwakani.

Mkamwana wako,
Gathoni


Ikutha
17 Agosti 1980

Mwanangu Gathoni,

Salamu nyingi kutoka kwetu wawili. Magoti yangu yananisumbua kidogo, lakini bado yananifikisha mtoni na kanisani, na kwingine sina safari.

Tangu Krismasi nimepata barua tatu kutoka kwako. Sasa najua mabomba ya chuma na mabomba ya plastiki, na lipi linapasuka mapema. Sisemi kwa ubaya. Jumapili iliyopita niliwaambia akina mama kanisani kwamba mke wa mwanangu anapandisha maji mlimani, na Mumbua, yule jirani wangu, amenuna mpaka leo kwa sababu wake za wanawe wote wanapandisha mbuzi tu.

Lakini ile Krismasi uliyokuja, niliwaangalia wewe na mtoto. Alikuambia kitu kwa Kikamba ukamjibu kwa Kiswahili, mkatazamana kama watu wawili wanaongoja mkalimani. Ulipomshika alinililia mimi. Uliniuliza alikuwa amesema nini, nikakuambia ameshukuru kwa rinda. Hakuwa ameshukuru. Alikuuliza utaenda lini.

Kazi unayo. Nyumba unayo mwaka wa pili sasa. Sikuulizi kwa nini. Nasema tu kwamba naona.

Mama yako,
Syokau


Wote
9 Mei 1982

Kwa Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa furaha, nikitumaini magoti yamepata nafuu. Mungu ametupa kijana tarehe tatu, na kama desturi yenu inavyotaka tumempa jina la baba yake Muthama, marehemu Kisilu. Ana paji la uso la Muthama na sauti ya mtu anayenadi mbuzi mnadani.

Nimepata msichana wa kunisaidia, Kasyoka, kwa hiyo nitarudi kazini na mtoto akibaki hapa hapa nyumbani. Tumbo halifichiki kama maziwa, nami sikujaribu kulificha. Ofisini wamekuwa wazuri ajabu. Walichanga wakaninunulia beseni, shuka na kadi kubwa ambayo wote wametia sahihi.

Najua utauliza kuhusu Syokau. Najiuliza hivyo hivyo mimi mwenyewe. Nipe muda kidogo, Mama. Kuna jambo ambalo sijaweza kukuandikia.

Mkamwana wako,
Gathoni


Ikutha
6 Juni 1982

Mwanangu Gathoni,

Hongera, na pole kwa uchungu. Nimewaimbia wimbo mzima mbuzi zangu, watu hawakuwepo.

Nimemwambia Syokau kwamba amepata ndugu. Alifurahi, akataka kujua kama ana meno. Halafu akaniuliza, "Huyo anakaa wapi?" Nikamwambia anakaa kwa mama yake.

Nimekuandikia hili si kwa kukuchoma, ila kwa sababu nikilibeba peke yangu ni zito.

Mama yako,
Syokau


Ikutha
14 Septemba 1984

Mwanangu Gathoni,

Nakusalimu katika njaa hii, nikiomba kwamba huko mnapata chochote. Sisi tuko hai. Tunakula mahindi ya manjano ya serikali ambayo mbuzi wenyewe wanayanusa kwanza. Ng'ombe wa Mumbua wamekwisha. Mtoni sasa tunachimba mchanga mpaka mtu anazama kifuani ndipo anapata ndoo moja. Pesa ulizotuma nilizipata, lakini dukani hakuna cha kununua.

Jambo la kukuandikia ni hili. Jumatano kanisa lilileta unga shuleni kwa watoto yatima. Mwalimu wa darasa la kwanza akawaambia watoto kwamba asiye na mama asimame aandikwe jina. Walisimama wanne. Wa nne alikuwa Syokau.

Mwalimu anatufahamu, akaja mpaka nyumbani kuniuliza, akidhani umekufa na sisi tumenyamaza. Nilimwambia u mzima. Nilipomuuliza mtoto kama alisimama kwa sababu ya njaa, alisema hapana. Alisema mama ni yule anayekaa na watoto wake, na wewe unakaa na Kisilu, kwa hiyo wewe ni mama ya Kisilu.

Sikumpiga. Sikujua nimpigie nini. Unga tuliurudisha.

Mama yako,
Syokau


Wote
30 Septemba 1984

Kwa Mama,

Nakusalimu kwa heshima. Afya yangu haina neno, na leo sitaandika habari za mabomba.

Siku ya mahojiano ya kazi hii, Februari 1978, wanaume watano walikuwa mezani. Mmoja aliniuliza kama nina mtoto, kwa sababu mradi haukutaka mtu wa kukimbia nyumbani kila homa inapomshika mtoto. Syokau nilikuwa nimemnyonyesha asubuhi hiyo na kumwachia rafiki yangu karibu na soko. Nilisema sina. Ni neno moja tu, nao wakaliandika kwenye faili langu.

Ndiyo maana sikumleta, Mama. Nyumba haikuwa sababu, wala hema. Kila mtu katika ule mstari wa nyumba sita anajua kwamba nilifika hapa bila mtoto. Nilijiambia nitasema nikithibitishwa. Nikathibitishwa, nikajiambia nitasema nikipandishwa cheo. Kila mwaka uliopita ulifanya neno kuwa kubwa zaidi. Alipozaliwa Kisilu, ile kadi ya ofisini iliandikwa "Hongera kwa kifungua mimba". Niliisoma mbele yao nikatabasamu. Niliiweka juu ya redio na iko pale mpaka leo. Muthama aliiona akaniuliza, nikamwambia wamekosea. Nilimdanganya hata yeye.

Sasa unaniambia kwamba Syokau amesimama pamoja na wasio na mama. Usimkemee. Mimi ndiye niliyetangulia kusema, miaka sita iliyopita, na sikuwa na njaa.

Naomba uniruhusu nije nimchukue. Nijue tu kama utanifungulia mlango.

Mkamwana wako, kama bado ni hivyo,
Gathoni


Wote
11 Desemba 1984

Kwa Mama,

Natumaini mko wazima, maana sina njia ya kujua. Hii ni barua ya tatu tangu ile ya Septemba, na hakuna iliyojibiwa.

Jumamosi nilikuja Ikutha. Nilikuta mlango umefungwa na kuku wako peke yao uwanjani. Mumbua aliniambia mmekwenda mtoni. Nilikaa kwenye kile kigoda chako mpaka saa tisa, ndipo basi la mwisho likapiga honi. Nimeacha sukari na daftari za Syokau kwa Mumbua. Niliona nguo yake moja kwenye kamba nikaikunja, halafu nikaitundika tena, nisije nikakuharibia utaratibu.

Kama ni hasira, ni haki yako. Niandikie hata hasira.

Gathoni


Ikutha
10 Februari 1985

Gathoni,

Mimi ni mzima na mtoto ni mzima. Mvua imenyesha na mahindi yamesimama.

Barua yako nimeiweka ndani ya Biblia miezi hii yote, nikiitoa na kuirudisha. Hasira nilikuwa nayo, tena kubwa. Ulimpa mtoto jina langu kwa mdomo wako, halafu kwa mdomo huo huo ukawaambia watu kwamba hayuko. Siku hiyo, mbele ya wale wanaume, mimi pia ulisema siko. Ningekuwa na nguo yako hapa ningeirusha nje.

Lakini nikiandika mpaka hapo tu na mimi nitakuwa nimedanganya. Jumamosi ile Mumbua alituma mtu mtoni aniambie umefika. Ndoo zetu zilikuwa zimejaa. Nilimwambia Syokau tuendelee kuchimba. Akaniuliza, "Mwaitu, tunachimba nini na ndoo imejaa?" Nikamwambia ya kesho. Unajua Kikamba chako ni kidogo lakini hilo unalijua, mwaitu ni mama yangu. Ndivyo anavyoniita, na sikumsahihisha hata siku moja. Tulichimba mpaka niliposikia basi likiondoka.

Na si hilo tu. Ile picha yako nilimwonyesha mwaka mmoja, halafu nikaiweka chini ya sanduku. Kiswahili ninacho, lakini sikumfundisha hata salamu. Alichokuwa nacho cha shuleni kilimtosha mwalimu, nami niliona ni heri msielewane. Nilikuwa mtu mmoja katika nyumba, ukaniletea mwingine, ukasema miezi sita. Baada ya ile miezi sita kila barua yako niliifungua nikiogopa kwamba umesema unakuja.

Kwa hiyo usiniombe mimi msamaha, sina pa kusimama nikupe. Nenda uwaambie wale wale uliowaambia hayuko. Waambie kwa mdomo, si kwa barua. Ukishawaambia, njoo wakati wa likizo ya Aprili. Usije na gari la mradi kama mtu anayechukua mzigo. Kaa nasi wiki nzima, uchote maji pamoja naye, ujifunze Kikamba kinachozidi kile cha nyanya. Halafu mwende.

Mama yako, maana hilo halijabadilika,
Syokau


Wote
19 Mei 1985

Kwa Mama mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote, na hapa nikisema sote tuko wanne pamoja na Kasyoka. Mgongo wangu bado unauma kwa zile ndoo. Nimemweleza kila mtu ofisini kwamba miaka saba nimepeleka maji kwa mabomba na sikuwa nimeyabeba siku saba mfululizo. Mumbua alinicheka mpaka akakaa chini.

Nilikuambia nilipokuwa huko kwamba nimewaambia, ila sikukueleza ilivyokuwa. Ilikuwa mkutano wa Jumatatu, wote wako, na mkubwa wetu Bwana Ndululu ndiye aliyekuwa mmoja wa wale watano. Nilisimama nikasema nina mtoto wa kike, wa kwanza, anaitwa Syokau, na nilipowaambia sina nilikuwa naye. Jonah akaanza kukohoa. Bwana Ndululu akauliza ana miaka mingapi. Nikamjibu saba. Akasema yeye ana watoto sita na hakuna bodi iliyowahi kumuuliza. Nilidhani ameyamaliza hapo. Wiki iliyofuata nikapewa barua, kwamba kwa kutoa habari za uongo nimeondolewa kwenye ujenzi wa tangi jipya, na mwaka huu nitakaa ofisini kukagua michoro ya wengine. Lile tangi nililichora mimi, Mama. Linaniuma. Lakini saa kumi na moja niko nyumbani kila siku, na hilo haliniumi.

Usifikiri mambo ni mazuri yote. Anakulilia. Mimi ananiita Mama Injinia kama wanavyoniita mafundi, na sijamwambia aache. Siku ya tatu aliniuliza ile kadi juu ya redio inasema nini. Nilimsomea. Kesho yake haikuwepo juu ya redio, nami sijauliza ilikokwenda.

Shuleni wamempa karatasi ya kuandikishwa. Jina la baba amejaza vizuri. La mama ameliacha wazi wiki nzima, na mwalimu anaingoja. Sikumlazimisha, wala sikumshika mkono kuandika, sina haki hiyo bado. Amesema atakuuliza wewe. Haya hapa chini ni yake, penseli ni ya kwake, makosa pia.

Mkamwana wako,
Gathoni

*Kwa Mwaitu. Hujambo. Mimi sijambo. Hapa maji inatoka kwa ukuta. Kisilu amekula penseli yangu. Mwalimu amesema niandike jina ya mama. Nimemwambia niko nao wawili. Amesema ni andike mmoja tu. Niandike nani. Mbuzi yangu isiuzwe. Ni mimi Syokau.*


Ikutha
3 Juni 1985

Kwa mama mkwe mdogo wa Gathoni,

Barua yako nimeipata, na mwandiko wako ni mzuri kuliko wa mama yako. Mimi ni mzima. Mbuzi wako ni mzima na hauzwi. Ndoo mbili bado nazichukua kwenda mtoni, halafu njiani nakumbuka moja inatosha.

Andika Gathoni. Langu unalo tayari.

Mimi,
Syokau